Bado Mapema, Kaa Kidogo

Jua gotini

Njia ya mlimani imefunguka leo. Theluji imebaki kwenye vivuli vya mawe tu, na mto unanguruma hadi sikio langu zima linauma. Lile jingine, la kushoto, halijui lolote. Limekufa tangu utotoni, na leo limenikosesha jambo nililolitaka mwaka mzima.

Hapa Vishgar tunahesabu msimu kwa mwili wa mtu. Jua hupanda kutoka nyayoni hadi kichwani, kisha hushuka. Likifika gotini barafu ya juu huanza kuyeyuka na Mafahali huamka. Ni mashine za vita vya mababu, chuma kitupu juu ya miguu minne. Zilifunikwa na barafu na hakuna aliyekumbuka kuzizima, kwa hiyo kila kiangazi zinashuka kukanyaga mashamba kana kwamba vita havijaisha. Risasi kwao ni mvua. Wanachotii ni maneno, na waliojua maneno hayo walikufa zamani.

Ila hawakuenda mbali. Mashahidi wetu, wale waliokufa vitani, wamo kwenye mawe ya buluu pale ziarani, mahali petu patakatifu, kila mmoja na jiwe lake. Daktari Ozoda hulipachika jiwe nyuma ya sikio la kushoto la askari. Vita vikianza shahidi huingia, hutumia mdomo na miguu ya yule askari, na jioni huaga na kurudi jiweni. Shahidi tunamwita mgeni. Askari ni mwenyeji.

Nilikuwa wa kwanza kwenye foleni. Daktari akasimama nyuma yangu akaninong'oneza sikio la kushoto, sikugeuka, akaniambia niende nikashike vioo vya kupelekea ishara. Aliyekuwa nyuma yangu ni mdogo wangu Odina, ambaye mwaka jana tu alipandishwa juu ya paa na kondoo dume. Yeye ndiye aliyepewa jiwe la Kapteni Shodmon, shahidi mkubwa kuliko wote. Nimemwonea wivu mpaka chai imenishinda kunywa.

Kiapo kilikuwa na maneno matatu, Meja Hakberdi ameyaleta kutoka tambarare: *Ingia. Pigana. Ondoka.* Wenzetu wakasema mawili ya kwanza, la tatu likakwama. Utamwambiaje mgeni aondoke na bado hajaketi? Badala yake kila mmoja akatoa mkate na chumvi mfukoni, akala kwa niaba ya mgeni wake. Khalifa Nazarsho, mtunza ziara, akafurahi hadi akatoa machozi.

"Kwetu," Meja akasema, "mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

"Kwetu mgeni ndiye anayeomba ruhusa," Khalifa akamjibu. "Mwenyeji hafungui mlango wa kutokea."

Aliyesema maneno yote matatu ni Sumanbar peke yake, yule mjane mchoyo wa kijiji cha juu. La tatu alilisema kwa sauti kuliko mengine, na watu wakacheka.

Jua gotini, mvua ya mawe

Hakuna kilichotokea. Odina amemwaga maziwa.

Jua pajani

Binamu yetu Barotali amepanda kambini kutusalimia, maana yake kula siagi yetu. Simpendi. Alikuja na mikono mitupu, akakaa mahali pa heshima mbali na mlango, akasimulia tumbo lake tangu asubuhi. Hatimaye akasimama, mkono kifuani, akasema, "Ruhusa." Nilikuwa nimeiomba saa hiyo kwa Mungu. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Mbona mapema, kaa kidogo."

Akakaa.

Alipaswa kuomba tena, na tena. Mara mbili unamzuia, ya tatu unasema nenda salama, ndivyo tulivyolelewa. Mtu asiyefika ya tatu anataka kubaki, na anayezuiwa hata mara ya tatu haondoki, maana kuondoka hapo ni kumtukana mwenye nyumba. Barotali aliishia mara ya kwanza, akala na cha jioni. Odina alicheka mpaka akalala chini.

"Wewe mdomo wako ungemkaribisha hata mwizi, dada."

"Na wako?"

"Wangu ungemtandikia godoro."

Jua pajani, Mafahali wa kwanza

Nitaandika yote.

Niliwaona kwanza mimi, kutoka kwenye mwamba wangu. Walikuwa watatu, wakitoka kwenye ukungu wa barafu, kila hatua ikibomoa mawe. Nikapeleka ishara kwa vioo. Chini, wenyeji wakajipanga mstari mmoja mbele ya mashamba ya shayiri bila ngao. Nikamtafuta Odina kwa darubini. Alikuwa anajilamba midomo kama afanyavyo akiogopa.

Kisha mabega yake yakanyooka. Sijui namna nyingine ya kusema. Mtu aliyekuwa amesimama ndani ya nguo za mdogo wangu akaweka mikono nyuma na kwenda mbele taratibu, kama mzee anayekwenda kuangalia maji ya shamba lake. Fahali la kwanza lilimwinamia. Lingeweza kumkanyaga bila hata kujua. Yeye akasema neno, halafu lingine. Fahali likasimama, likakunja magoti ya mbele, likakunja ya nyuma, likalala kama ng'ombe adhuhuri. Yeye akaliwekea mkono kwenye paji la uso.

Nililia. Ndiyo, nililia, na nilitaka niwe mimi. Nilifikiri hii ndiyo imani yenyewe: ujiweke pembeni, mbora kuliko wewe apite.

Jioni akarudi mwenyewe, mabega chini, anataka mkate.

"Nimefanya nini, dada?"

"Hukumbuki?"

"Nilikuwa kama niko chumba cha ndani, nasikia watu wanaongea ukumbini. Unakumbuka baba akiwa na wageni, sisi tukiambiwa tusitoke? Hivyo hivyo." Akatafuna. "Mtu mwema sana yule. Aliaga kwa adabu."

Jua kiunoni

Mafahali wawili. Wote wamelala.

Jua kiunoni

Odina amekula kitunguu kibichi. Tangu mtoto anavitoa vitunguu kimoja kimoja na kuvipanga pembeni ya sahani.

Jua kiunoni, upepo

Hakukuwa na vita leo. Asubuhi nzima alikaa mlangoni akinoa kisu, kisha akanywa chai kwa mkono wa kushoto, ambao Odina hautumii. Nikamwita, "Odina." Akageuka baada ya kitambo, kama mtu anayekumbuka kwamba ndivyo anavyoitwa hapa.

Jua kifuani

Si Odina peke yake. Kikosi kizima kinatembea migongo imenyooka. Wanasema maneno ambayo bibi zetu waliyasema. Davlat, mpishi wetu, ambaye hakupitisha saa bila matusi, ameniambia, "Uwe na amani, mwanangu," na ana umri wangu. Chakula chake kimekuwa kizuri. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Nimekwenda kwa Daktari Ozoda, alikuwa anachemsha sindano.

"Mgeni harudi jiweni mpaka mwenyeji amruhusu," akasema. "Nawauliza watu wako, wageni wakiomba kuondoka mnawaruhusu? Wote wananiambia ndiyo, bila shaka."

"Basi mbona wamo?"

"Hilo nakuuliza wewe. Mimi ni mtu wa tambarare. Kwetu mtu akitaka kuondoka anaondoka." Akafunika sufuria. "Mdogo wako akitoka humo ndani, mwambie amwambie mgeni aondoke. Neno moja tu."

Jua kifuani

Odina ametoka chumba cha ndani leo wakati wa kukamua yaki, ng'ombe wetu wa manyoya marefu. Hutoka saa hizo, nadhani ni harufu ya maziwa. Nikamshika mkono nikamkalisha kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Sema ondoka."

"Nimwambie nani?"

"Kapteni."

"Amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Amekaa sana."

"Dada, ni mtu mzima yule."

"Jaribu kwangu kwanza. Mimi ni mgeni." Nikasimama, mkono kifuani. "Ruhusa."

"Mbona mapema, kaa kidogo," akasema, hata sijafunga mdomo.

Tulicheka, Mungu atusamehe, tulicheka hadi yaki akapiga teke ndoo. Tukajaribu tena, ikawa vile vile. Mara ya tatu hakucheka. Akaangalia mikono yake, akaigeuza.

"Wewe hujamwona akiomba," akasema. "Anasimama mlangoni. Nyuma yake hakuna kitu, dada, si giza, hakuna hata giza. Ananiomba ruhusa aende huko. Nimwambie nini? Nenda?"

Nilikuwa bado natafuta la kumjibu nikaona mabega yananyooka, naye akainama akaokota ndoo kwa mkono wa kushoto.

Jua kooni

Leo nimezungumza na Kapteni. Sikutaka tena kujifanya sijui.

Alikuwa anashona buti za Odina. Anashona vizuri, Odina angezitupa.

"Wewe ni Kapteni Shodmon."

"Ni mimi, dada. Nisamehe."

"Mdogo wangu yuko wapi?"

"Chumba cha ndani. Labda amelala, labda anatusikiliza."

"Mbona huondoki?"

"Naomba ruhusa kila jioni."

"Na yeye?"

"Ananiambia mbona mapema." Akavuta uzi. "Kijana amelelewa vizuri. Nani alimlea?"

"Mimi."

Akaacha kushona. Nikajikaza nikamwambia lile lililonichoma tangu juzi. "Wewe ni mtu wa bonde hili. Unajua mdomo unasema nini na moyo unasema nini. Unatakiwa kuomba mara tatu."

Aligeuza buti mkononi. "Naomba mara moja," akasema. "Kuna siku naomba mara mbili. Ya tatu mdomo haufunguki."

"Hiyo si adabu."

"Mama yangu angenichapa," akasema, na macho ya mdogo wangu yakajaa machozi ya mtu mwingine.

Nilitaka kumchukia. Ningeweza, kama angekuwa mtu mbaya.

Jua kooni

Nimekwenda ziarani. Khalifa Nazarsho alikuwa anasokota tambi za taa kwa pamba. Nilimweleza yote, akasokota mpaka mwisho.

"Shahidi ameingia nyumbani kwako, na wewe unatafuta fimbo?"

"Sitafuti fimbo, Khalifa. Natafuta mdogo wangu."

"Watu wamefunga na kuomba wapewe neema hii."

"Mimi mmojawao. Sasa nakuomba dua ya kumtoa."

Hapo uso wake ukabadilika, nikaona kwamba amekwisha kuitafuta. Mjukuu wake naye ni mwenyeji. "Tuna dua ya kumkaribisha," akasema polepole. "Ya kumtoa hatukuachiwa. Nadhani hakuna aliyewaza kwamba tutaihitaji."

Meja Hakberdi alikuwa na haraka, lakini alinikalisha akanipa peremende. "Yule mdogo wako alifyatua risasi mbili msimu wa mafunzo, zote zikampata mbuzi wa watu. Huyu analaza Mafahali kabla ya chai. Nikurudishie yupi?"

"Mdogo wangu, Meja."

"Msimu ukiisha. Na usinitazame hivyo, binti. Niliwapa neno la tatu. Mkalikataa kwa adabu zenu."

Peremende imo mfukoni, imegandana na nguo.

Jua kichwani

Joto. Mafahali sita kwa siku moja. Wamelala wote, hakuna shina la shayiri lililovunjika. Kijiji kimetuletea mwanakondoo. Wote wanamshukuru Kapteni, wanambusu mkono, na mkono ni wa Odina.

Jua kichwani

Sumanbar. Vipi sikuwaza mapema? Nilimkuta amekaa peke yake kwenye ukuta, amejikunja vile vile kama zamani, anatafuna forsadi kavu, vile vitunda vyetu vitamu, na hakunikaribisha hata moja. Ningemkumbatia.

"Mgeni wako yuko wapi?" nikamuuliza.

"Jiweni. Huja akihitajika. Siku ile ya kwanza akapigana, vizuri, jioni akajifanya kuzunguka zunguka ndani. Nikamwambia, baba, umepigana, umekula, sasa ondoka, nataka kulala."

"Akasemaje?"

"Alinuna." Akatema kikonyo. "Watu miaka yote wananisema mchoyo, Sumanbar hana mkate, Sumanbar ana mlango mzito. Sasa ni nani ana nyumba yake?"

Nikamwomba amfundishe Odina. Alikataa, kisha akaja, bila kusema kwamba amekuja kwa ajili hiyo. Wakati wa kukamua Odina akatoka kwa dakika chache, amekonda usoni ingawa mwili umenenepa.

"Mdogo wangu, huwezi kusema ondoka, basi," Sumanbar akamwambia. "Usiseme. Mimi mgeni akiomba ruhusa huwa natazama jiko. Kimya kinatosha. Ukinyamaza mara tatu, umeruhusu."

"Ni aibu, mama."

"Aibu haiui. Kinachoua unacho nyuma ya sikio." Akamtilia forsadi kavu mdomoni, akamwambia aibane kwa meno kila akiombwa. Nikasimama, mkono kifuani, "Ruhusa." Odina akabana. Jasho likamtoka. Mara ya pili, akabana. Mara ya tatu macho yakamtoka pima, lakini akabana.

Sumanbar akaniachia mfuko mzima wa forsadi. Sitamwambia mtu, asije akaharibikiwa jina.

Jua kooni, linashuka

Hakutoka leo.

Jua kooni, linashuka

Hakutoka.

Jua kifuani, linashuka

Kapteni ametengeneza paa la nyumbani kwetu lililovuja tangu baba afe. Ameimba akifanya kazi, wimbo wa kupura ngano ambao sikuwahi kuusikia wote. Nilisimama chini nikimpelekea mbao, nikajikuta nafurahi. Baadaye nilikwenda mtoni nikakaa huko.

Odina ametoka mara moja, kidogo sana, akaniuliza kama yaki amezaa. Alizaa zamani. Nikamwambia bado, asije akajua amekosa mambo mangapi.

Jua kifuani, linashuka

Daktari ametutangazia. Theluji ikifunga njia, mawe yatatolewa yarudi ziarani. Amefafanua mara mbili, na mara ya pili alinitazama mimi. Mgeni lazima awe amerudi jiweni kabla Daktari hajaanza kukata. Akikata mgeni akiwa bado yumo, aliyeko ukumbini ndiye atakayebaki na mwili, aliye chumba cha ndani ataondoka na jiwe. Kisha tundu la mwili wa namna hiyo huliziba kwa madini ya fedha, na mwili uliozibwa haupokei jiwe tena.

Nilimwendea Kapteni moja kwa moja. Alikuwa ananisubiri, chai imeshamiminwa.

"Nitaomba mara tatu," akasema kabla sijafungua mdomo. "Kwa sauti, wewe usikie. Akinyamaza, nitakwenda."

"Utaweza?"

"Mama yangu ananitazama," akasema. Nilimwamini. Bado namwamini.

Jua gotini, linashuka. Theluji

Imeanguka tangu alfajiri, nyepesi, bila upepo. Foleni ilikuwa mbele ya hema la Daktari. Khalifa alikuwepo na sanduku la mawe, Meja alikuwa anapiga miguu chini kwa baridi.

Wa kwanza alikuwa Sumanbar. Dakika moja, akatoka, tundu lake halikuzibwa, akajifunga kitambaa, akasema Daktari ana mikono baridi. Waliomfuata waliingia na kutoka migongo imenyooka, wakitushukuru kwa lugha ya bibi zetu, na mama zao wakasimama pale theluji ikiwajaa kichwani. Davlat mpishi alinibariki tena. Mjukuu wa Khalifa alitoka, akampita babu yake bila kumjua, kisha akarudi akambusu mkono kwa heshima, kama mtu anavyombusu Khalifa yeyote.

Zamu yetu. Daktari aliniruhusu kuingia. Kapteni alitaka aombe ruhusa kwa sauti, na Odina akijibu, ajibu kwa mdomo huo huo, ili nisidhulumiwe. Nikaweka forsadi kati ya meno ya mdogo wangu. Akasimama, mkono kifuani.

"Ruhusa," Kapteni akasema, forsadi ikimfanya azungumze kama mtoto.

Kimya.

"Ruhusa."

Kimya. Taya zilibana, niliona mishipa. Alikuwa yeye, Odina, ninamjua akibana hivyo. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza, nikimwambia moyoni, bana, bana, mdogo wangu, tazama jiko.

Ya tatu ilichelewa. Sauti ilipotoka haikuwa ya kapteni wa kitu chochote. Ilikuwa ya mtu anayeogopa kutoka nje. "Ruhusa," akasema, na akafunga macho.

Na mabega yakashuka. Yakashuka, nikaona uso ukilegea na kuwa uso wake, na forsadi ikasogezwa kwenye shavu, na nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia sawasawa tangu jua likiwa kichwani, ile yenye kicheko ndani. Furaha iliniruka mwilini kabla sijasikia maneno.

"Mbona mapema, kaka," Odina akasema. "Kaa kidogo."

Kisha akanitazama mimi, kitambo tu, kama alivyonitazama alipomwaga maziwa. Mabega yakanyooka.

"Nimezuiwa mara ya tatu," Kapteni akasema. Alikuwa amepauka. "Dada, umesikia."

Nilimshika Daktari mkono. Nilimwambia asubiri, ajaribu tena, ni mdomo tu umesema, sisi midomo yetu ndivyo ilivyo, hata Barotali tunamwambia hivyo. Daktari akamwita Odina kwa jina, mara nyingi, akamwambia aseme ondoka. Hakuna aliyejibu. Nje Meja aliuliza kuna nini, njia inafunga. Wageni wawili waliingia wakanishika mabega kwa upole mkubwa, wakaniita mwanangu.

"Mwili ni wake na neno ni lake," Daktari akasema. Hakuwa ananiambia mimi. Akachukua kisu.

Jiwe lilikuwa dogo kuliko nilivyodhani. Khalifa alilipokea kwa viganja viwili.

Jua kwenye vifundo, linashuka

Viazi vimechimbwa. Njia imefunga.

Nilipanda ziarani nikamwomba Khalifa anionyeshe jiwe. Alinipa nilishike. Nikaliweka nyuma ya sikio la kushoto, nikabana kwa kidole, nikasubiri. Sikio hilo halijawahi kunipa kitu, na halikunipa leo. Khalifa alijifanya kutengeneza taa.

Ananiambia Meja ameuliza. Odina alikaa chumba cha ndani msimu mzima, amesikia maneno yote ya Mafahali, kwa hiyo mwakani jiwe lake litahitajika. Atapewa mtu. Mdogo wangu atakuwa mgeni kwenye nyumba ya watu, ataomba ruhusa jioni, na kama mwenyeji ni wa kwetu sijui atajibiwa nini.

Sumanbar amesema atamwomba yeye. "Sitamfukuza haraka," akasema, kisha akaongeza kwamba forsadi zake hakurudishiwa.

Mara nyingine najiuliza kama ni mdomo tu uliosema. Nikikumbuka ule uso, sidhani. Alikuwa ameshabana mara mbili, angeweza ya tatu. Lakini mimi ndiye niliyemfundisha, tangu anatambaa, kwamba mtu akisimama mlangoni na nje kubaya humwambii nenda. Kwa hiyo sijui hata kama uamuzi ulikuwa wake au wangu.

Jua nyayoni

Nimefika mwisho wa mwili, na kalamu pia imekwisha.

Kapteni anataka kwenda kwao. Kijiji chake kiko chini mtoni, mwendo wa siku kadhaa hata kwenye theluji. Alimwacha binti mdogo huko, huenda yu hai bado, huenda ana wajukuu. Ana haki ya kwenda. Hakuna kinachomzuia, jiwe limetoka, mwili sasa ni wake. Amejitengenezea fimbo ya theluji na ameshona buti mara ya pili.

Kila asubuhi baada ya chai husimama karibu na mlango kwa miguu ya Odina, na ule mkono wenye kovu la kuungua tanurini, kidonda nilichokifunga mimi, huuweka kifuani.

"Ruhusa, dada."

"Mbona mapema," namwambia. "Kaa kidogo."

Husubiri, huomba tena, nami humzuia tena. Sasa huomba mara tatu, hakosi, kwa sauti, kama mtu anayelipa. Ya tatu napaswa kusema nenda salama. Leo nililiandaa neno tangu alfajiri, nikalisema peke yangu zizini, nikalisema kwa yaki. Nikaingia. Akaomba. Nikautazama ule uso.

"Mbona mapema," nikasema. "Kaa kidogo."

Naye amelelewa vizuri. Aliegemeza fimbo ukutani, akavua buti, akakaa. Mimi nikaenda kupasha maziwa.